Ngano za Ufipa ziandikwe





Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell Dar es Salaam, tangu 1938 hadi vita vilipozuka 1939. Habari za mazimwi alizisikia tangu utotoni, kwani mama yake, Mnorwe, aliwasimulia wanawe ngano za kwao. Mwaka 1982 akatoa kitabu cha jitu jema.

Sisi wa Ufipa nasi tulisimuliwa. Baridi ya Juni (wa pwani hamuijui!) tuliota moto jikoni, bibi akisimulia mpaka tukasinzia. Lakini ngano zetu alizokusanya Roy Willis zilichapishwa Oxford mwaka 1978, katika kitabu cha wataalamu. Mjukuu wangu wa darasa la tatu hapa Sumbawanga atazisomaje?

Walimu wa Rukwa, watumeni watoto wakaulize bibi zao, kila mmoja aandike ngano moja. Nilifundisha miaka mingi bila kufanya hivyo. Sasa nimenunua daftari, lakini bibi hayupo, na ile ya fisi na mtungi naikumbuka nusu tu.

Mwalimu Mstaafu,
Sumbawanga.