Kuhesabu Chini ya Sifuri

Wengi wetu huwahesabisha watoto kurudi nyuma, tatu, mbili, moja, sifuri, kisha wakaishia hapo. Lakini watoto wa Frere Town huyaona maji ya bahari yakijaa na kupwa kila siku. Basi chomekeni mti ufukoni, mkate alama ya sifuri katikati yake. Juu yake andikeni moja, mbili, tatu. Chini yake hasi moja, hasi mbili, hasi tatu. Mtoto asome maji yanapopita.

Mwaka 628 Brahmagupta, mwanachuoni wa Bara Hindi, aliziita namba hizo za chini madeni. Mwenye deni la shilingi tatu akipata tano, hulipa, akabakiwa na mbili. Asiyeweza kuivuka sifuri atalisomaje daftari la mwenye duka?