Meno Mapya ya Mastaa: Watu Wanacheka Kisichochekesha

Mjini hapa staa akitabasamu tu na meno mapya, kimewaka. Skrinishoti zinatembea, majina ya utani yanazaliwa: "vigae vya bafuni", "swichi", "taa za gari". Msanii anaposti video ya wimbo, ila komenti zote zinaongelea mdomo.

Sasa wadau, kuna mambo mawili yanachanganywa hapa, na hayafanani hata kidogo.

La kwanza ni tiba. Jino lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda, lililotoboka likabaki ganda, au lililofanyiwa tiba ya mzizi, linakuwa dhaifu na kuliziba tu mara nyingi hakutoshi. Daktari analichonga, anachukua vipimo, maabara inatengeneza kofia ya kauri ya rangi inayoendana na meno ya jirani, kisha inagandishwa juu yake. Mtu anarudi kutafuna mahindi ya kuchoma bila kung'olewa jino. Halafu kuna watu wa Arusha na Kilimanjaro. Kuna maeneo huko maji yana floraidi nyingi, mtoto anakua meno yakiwa ya kahawia, na hali ikiwa mbaya yanameguka. Mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka tangu darasa la kwanza, siku akirekebisha meno anastahili hongera. Kumuita feki ni roho mbaya tu.

La pili ni fasheni. Huyu ana meno mazima kabisa, kosa lake ni kutokuwa meupe kama karatasi. Anapanda ndege, anarudi baada ya siku chache na safu mpya, anaposti "kabla na baada". Ya katikati haiposti. Ili kofia ikae, jino linachongwa pande zote, milimita 1 hadi 2 hivi, linabaki kama kigingi. Enameli ikishaondoka haioti tena. Wakati mwingine jino lenyewe linakufa kwa ndani, na tiba ya mzizi inafanyika kwenye jino ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Na kofia haidumu milele. Nyingi hukaa miaka 10 hadi 15, nyingine zaidi, kisha zinabadilishwa. Anayechonga meno 20 akiwa na miaka 23 amejiandikisha kurudi kwenye kile kiti maisha yake yote, hela ikiwepo isiwepo. Uingereza wameshayaona haya: vijana walimiminika Uturuki mpaka meno hayo yakapewa jina, "Turkey teeth". Wapo walioamini wamewekewa vinia, yale maganda membamba ya mbele, kumbe jino lote limechongwa. Wakipata shida nyumbani, madaktari wa kwao ndio wanaoachiwa kazi ya kurekebisha.

Mdomo ni wa staa, hela ni yake, hilo halina ubishi. Ila akigeuza tabasamu kuwa tangazo, na namba ya punguzo juu, hapo anadaiwa ukweli. Kuna shabiki wa miaka 19 anayevunja kibubu kwa ajili ya ile video. Amwambie basi: yalichongwa meno mangapi, yalikuwa mazima au mabovu, na kofia ikivunjika anaenda kwa nani? Amwambie pia kwamba kusafisha, kung'arisha au waya vingetosha kwa watu wengi.

Kuna kijana mtaani anang'oa jino ambalo kofia moja ingeliokoa, kwa sababu kung'oa ndiyo bei anayoiweza. Mwingine anachonga mazima 20 ili afanane na mtu wa Insta. Kati ya hawa wawili, yule staa wa vigae siyo wa kuchekwa wala kuigwa mpaka aseme yeye alikuwa nani.

Haya wadau, mnasemaje? Funguka hapo chini.