Ukungu, Rafiki na Adui wa Mkulima

Ukungu na uyoga ni jamaa moja. Haviwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua kama mimea. Hutoa maji ya kuyeyusha chakula kilicho nje ya mwili, kisha hukifyonza. Ndivyo majani makavu na mabua yanavyooza na kuwa rutuba ya shamba.

Lakini ukungu haubagui. Ukikuta mahindi yenye unyevu ghalani, huyala, na mwingine huacha sumu isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Basi mkulima na ayaanike mahindi yake juu ya turubai, wala si udongoni, mpaka yakauke kabisa. Yaliyoota ukungu yasiliwe na mtu wala mnyama. Heri kutupa debe moja kuliko kuzika mtoto.