Mswada Usikilizwe Hadharani
Katika jimbo la Nebraska, huko Marekani, ambalo tangu mwaka 1937 lina Baraza moja tu la kutunga sheria, na wajumbe wake leo ni 49, kila mswada upelekwao kamatini, uwe wa bajeti au wa siasa ya elimu, hauna budi kusikilizwa hadharani, na raia, awe mkulima au mwalimu, ana ruhusa ya kuketi mbele ya wajumbe akatoa ushahidi wake.

Katika jimbo la California, kinyume cha hayo, miswada yenye gharama kubwa huwekwa kando na kamati za matumizi, kisha mamia yake hukatiwa shauri katika kikao kimoja, aghalabu bila ya kutajwa sababu. Nami naona hiyo ni dhuluma, kwani mali ya hazina ni ya raia, naye anastahiki kujua ni nani aliyeuzuia mswada alioutumainia, na kwa hoja gani.