Usiongeze Ekari Kabla ya Kuhesabu Mikono

Msimu unakaribia, na huku Nyamuswa maneno ni yale yale ya kila mwaka: nani amepata ng'ombe wa plau, nani amekodi shamba la pili, nani safari hii anaingia na ekari nane. Kwenye gulio watu wanaulizana, "Umelima ekari ngapi?" Mara chache utasikia mtu akiulizwa amevuna kilo ngapi kwa ekari. Kuulizwa nani alipalilia, hilo sijalisikia bado.

Leo natoa maoni ambayo najua baadhi yenu hamtayapenda, hasa akina baba. Naona wengi wetu tunaongeza mashamba haraka kuliko nguvu za watu waliomo nyumbani, na ndiyo maana kaya nyingi zinamaliza msimu zimechoka, zina madeni, na ghalani hakuna tofauti na mwaka juzi.

Tuanze na plau, maana ndiyo inayotudanganya. Mkoa wetu wa Mara una ng'ombe, na hilo ni jambo la kushukuru. Maksai wakiwa na afya na udongo ukiwa na unyevu, eneo ambalo mtu wa jembe la mkono angelihangaikia wiki nzima linageuzwa kwa muda mfupi sana. Mtu akiona kazi imekwenda vizuri hivyo anaongeza ekari nyingine, na nyingine. Gharama anayoiona ni ya plau na mbegu tu. Lakini mvua ikishaota majani, maksai wanarudi zizini na kazi inarudi kwa jembe la mkono. Kulima tumeweka ng'ombe, kupalilia tumeacha migongo ya watu. Hapo ndipo shamba linapokwama.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Ekari yetu tunaipima hatua 70 kwa 70. Chukua kamba, weka ukanda wa hatua 5 kwa 70 kwenye shamba lenye majani, mpe mtu mmoja apalilie kuanzia alfajiri mpaka jua lianze kuwa kali. Tuseme anaumaliza. Ekari nzima ina kanda kama hizo 14, kwa hiyo ni siku 14 za mtu mmoja. Kaya yenye watu watatu wa kufanya kazi itaimaliza kwa siku tano hivi.

Sasa tazama kalenda. Pamba na mahindi vyote vinataka palizi ya kwanza mapema, ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kuota, kabla majani hayajaiba chakula cha mche mchanga. Chukua wiki mbili. Ondoa siku mbili za ibada, iwe Jumamosi au Jumapili. Ondoa siku ya gulio, ondoa siku ya msiba, kwa sababu huku kwetu msiba ukitokea hakuna anayebaki shambani. Zimebaki siku kumi, na katika siku hizo watu watatu watapalilia ekari mbili. Ukiwa umepanda ekari tano kwa wiki moja, ekari tatu zimeshaingia kwenye hasara kabla hujazigusa, hata kama mvua itanyesha vizuri kiasi gani.

Vipimo vyako vinaweza kutofautiana na hivi. Udongo mzito ni tofauti na wa kichanga, na kijana wa miaka 20 si sawa na bibi yake. Ndiyo maana nasema pima kwako.

Mwenye ekari tano akishaona majani yamezidi, anachofanya nakifahamu kwa sababu nakiona kila msimu. Kwanza anaongeza saa za kazi, lakini saa hizo mara nyingi hazitoki kwake. Zinatoka kwa mama wa nyumba, ambaye ameamka kabla ya wote, ameteka maji, amekwenda shamba, na akirudi kuni na chakula vinamsubiri. Kisha zinatoka kwa watoto, na hapo utasikia mwalimu analalamika kwamba wanafunzi wanasinzia darasani au hawaji kabisa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi hii, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama, jirani zetu hapo, kwa hiyo nadhani alikuwa anawajua watu aliokuwa akiwasema.

Hatua ya pili ni kukopa ili kulipa vibarua. Mkopo wa haraka haraka wa katikati ya msimu ndio ule watu wanauita kausha damu: marejesho yanaanza wiki inayofuata, wakati pamba yako bado haijatoa hata ua. Mtu anauza mbuzi kulipa rejesho, halafu kuku, halafu anauza pamba iliyo shambani kwa bei ya kutupa. Sisemi mikopo yote ni mibaya. Vikundi vya kuweka na kukopa vinasaidia sana, na halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo wa kuokoa shamba ulilolipanda bila kuhesabu watu wako ni mkopo wa kulipia sifa.

Twende kwenye mavuno. Wakulima wengi wa pamba katika Kanda ya Ziwa wanavuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari, wakati zao hilo likifuatiwa kwa kanuni linaweza kutoa zaidi ya maradufu. Ekari tano zilizozidiwa na majani, kwa kilo 250 kila moja, ni kilo 1,250. Ekari mbili zilizopandwa kwa wakati, zikapunguziwa miche, zikapaliliwa mapema na kupuliziwa dawa inavyotakiwa, zikitoa kilo 600 kila moja, ni kilo 1,200. Umepishana na jirani yako kilo 50 tu. Yeye amelima, amenunua dawa na amechuma ekari tano. Na baada ya kuchuma atakuwa na ekari tano za mabua ya kung'oa na kuchoma kama sheria inavyotaka, kazi ambayo mtu aliyechoka huiacha, funza wakabaki shambani wakisubiri msimu ujao.

Najua hoja itakayokuja, na ni hoja nzuri. Utaniambia: "Bwana shamba, mvua zetu hazitabiriki. Nikilima ekari nyingi, hata zikiharibika tatu zitabaki mbili." Ni kweli mtu wa huku lazima ajikinge. Ila ekari tano za zao moja zilizopandwa wiki moja zinapigwa na ukame ule ule siku ile ile. Kinga ya kweli ni kugawa wakati na kugawa mazao. Panda chakula mapema kwa mvua za kwanza, pamba iingie kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Desemba kama inavyoshauriwa kwa kanda yetu, halafu kuwe na kipande cha mihogo. Mihogo inakutaka zaidi miezi ya mwanzo, majani yake yakishafunika ardhi inakupumzisha, na kuvuna inaweza kukusubiri. Kwa mpangilio huo watu wale wale watatu wanaweza kuhudumia zaidi ya ekari mbili, kwa sababu palizi hazigongani. Tafuta tu mbegu safi ya mihogo, isiyo na batobato wala michirizi ya kahawia, la sivyo umepanda tatizo.

Wenzetu wa upande wa hifadhini, Hunyari na Mariwanda kwa mfano, wana hesabu nyingine ya kuongeza: tembo. Kila kipande unachoongeza mbali na nyumba ni kipande cha kulinda usiku. Mtu aliyekesha kwenye dungu akipiga debe hawezi kupalilia asubuhi kama aliyelala. Usingizi nao ni pembejeo, ingawa hauuzwi dukani.

Wengine wanasema shida yetu ni vifaa tu. Tukipata matrekta tutalima hata ekari mia. Nchi hii ilishajaribu kwa ukubwa ambao mimi na wewe hatuwezi kuufikia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika miaka michache, na mwaka wa kwanza peke yake ekari 150,000. Walikuwa na fedha, matrekta na wataalamu. Mwaka huo wa kwanza hata ekari 10,000 hazikupandwa. Mizizi ya miti ilivunja mashine, udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukakauka kama saruji, mvua hazikuja walivyotarajia, na matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita ambayo hakukuwa na mafundi wala vipuri vya kutosha kuyatengeneza. Badala ya kusimama na kujaribu eneo dogo waelewe ardhi, walisukuma mbele. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Leo katika wilaya hiyo hiyo ya Kongwa kuna soko la Kibaigwa, moja ya masoko makubwa ya mahindi nchini, na sehemu kubwa ya mahindi yanayofika pale yanatoka kwa wakulima wadogo wanaoijua mvua yao.

Wewe mwenye duka, usifikiri haya hayakuhusu. Kwako ekari ya pili ni duka la pili. Droo ikijaa mara mbili tatu, mtu anaona amekua, anafungua kijiji cha jirani. Lakini fedha iliyo kwenye droo si yako yote: nyingine ni ya mwenye duka la jumla Bunda, nyingine ni ya sukari utakayonunua kesho, na faida halisi mara nyingi imekaa kwenye daftari la wadaiwa. Unafungua saa 12 asubuhi, unafunga saa 4 usiku, siku saba za wiki. Duka la pili atakaa nani? Jaribio langu ni rahisi. Ondoka siku mbili, nenda hata kumsalimia mama mkwe. Ukirudi, hesabu ya mali na fedha ikiwa sawa, na wateja wamehudumiwa, hapo una biashara inayoweza kuzaa nyingine. Ikishindikana, andika bei, andika mali inayoingia, mfundishe mtu mmoja vizuri, kisha ujaribu tena baada ya miezi mitatu.

Sipingi kukua. Ningekuwa nataka mbaki na ekari mbili maisha yote nisingekuwa afisa ugani. Ninachoshauri ni kuongeza nusu ekari, si ekari tatu, na uiongeze baada ya kumaliza palizi zote kwa wakati misimu miwili mfululizo bila mtoto kukosa shule na bila mkopo wa katikati ya msimu. Mwaka mmoja hautoshi kukupa ushahidi, kwa sababu mwaka mmoja wa mvua nzuri unaweza kumfanya mtu yeyote aonekane hodari. Na kama una ng'ombe, fedha uliyotaka kukodia shamba la pili inunulie jembe la kupalilia linalokokotwa na ng'ombe. Hapo utakuwa umeongeza nguvu mahali ambapo kazi ilikuwa inakwama. Ila panga nafasi za mistari kabla ya kupanda. Mistari ikibana, ng'ombe watakanyaga miche.

Jambo jingine, na hili liamuliwe nyumbani kabla maksai hawajafungwa nira: keti na mke wako, au na mume wako, na vijana wenye umri wa kufanya kazi. Tajeni ni nani hasa atakuwepo mwezi wa 12 na wa kwanza. Kuna anayenyonyesha? Kuna kijana anayetaka kwenda mgodini au kuendesha bodaboda Musoma? Mgongo wa baba unamsumbua bado? Anayepalilia naye aseme idadi ya ekari, maana yeye ndiye atakayeilipa.

Zoezi la ukanda wa hatua 5 kwa 70 linahitaji kamba na asubuhi moja tu. Lifanyeni wiki hii, kabla hamjamlipa mtu wa plau. Aliye karibu na ofisi ya kata na hana kamba aje aazime ya kwangu, mradi airudishe siku hiyo hiyo.