Jina la Bendi na Kidonda cha Mwenzio

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huikumbuka methali hii kila wanafunzi wangu wa semantiki wanaponiuliza: je, neno laweza kulaumiwa ilhali mtumiaji hakukusudia ubaya?

Tuchukue mfano wa muziki wa panki, ambao tangu miaka ya 1970 umejulikana kwa majina ya kushtua. Mwaka wa 1978, vijana wa San Francisco, Marekani, waliiita bendi yao Dead Kennedys, yaani Kina Kennedy Wafu. Itakumbukwa kwamba Rais John Kennedy aliuawa mwaka wa 1963, na nduguye Robert mwaka wa 1968. Mwimbaji wao alijitetea kwamba jina hilo liliashiria kufa kwa ndoto ya Marekani, wala halikuwatusi marehemu.

Utetezi huo una uzito. Lakini mwimbaji huyo huyo alijiita Jello Biafra. Jello yatokana na kitindamlo cha sukari kipendwacho na watoto wa Marekani. Biafra ni eneo la Nigeria lililojitangazia uhuru mwaka wa 1967 na kusalimu amri mwaka wa 1970, baada ya njaa kuangamiza halaiki ya watu, wakiwamo watoto wengi. Kugonganisha shibe na njaa ni kejeli kali. Hata hivyo, mama wa Kiigbo aliyemzika mwanawe angesikia kejeli, au angesikia msiba wake ukichezewa?

Swali hilo lilizuka tena nchini Kanada. Bendi moja ya Calgary, iliyofuata nyayo za panki, ilijiita Viet Cong, jina la wapiganaji wa msituni wa vita vya Vietnam. Wanabendi hawakuwa na asili ya Vietnam. Waliokuwa na jamaa walioikimbia vita hivyo walilalamika, na mwaka wa 2016 bendi ikawa Preoccupations.

Linganisha na The Slants, bendi ya roki ya Wamarekani wenye asili ya Asia. Wao walilitwaa tusi walilotupiwa kuhusu macho yao, wakalifanya ngao. Serikali ilikataa kulisajili. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katazo hilo lilikiuka uhuru wa kusema.

Nauunga mkono uamuzi huo. Serikali ikikabidhiwa rungu la kupigia maneno, wa kwanza kunyamazishwa huwa wanyonge. Lakini mahakama ilijibu kama jina laruhusiwa, haikujibu kama lafaa. The Slants walitonesha kidonda chao wenyewe. Wale wa Calgary walitonesha cha wengine.

Walimu wenzangu, tusiishie kuwauliza wanafunzi neno lina maana gani. Tuwaulize pia: uchungu uliomo ni wa nani? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.