Tovuti ya Afya Ianze na Shida ya Mgonjwa

Tovuti ya hospitali huandikwa kwa ajili ya nani? Wengi watajibu kwamba ni kwa ajili ya wagonjwa. Hata hivyo, kurasa nyingi za taasisi za afya hufunguka kwa salamu za kiongozi, dira, dhima na picha za hafla. Mambo hayo yana mahali pake, lakini si mlangoni.

Mfikirie mjamzito wa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa. Usiku kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu, uso umevimba. Mumewe anafungua simu yenye kifurushi kidogo kilichobaki. Anataka kujua mambo matatu: je, hizi ni dalili za hatari? Waende wapi? Wapige namba gani? Picha nzito zikimaliza kifurushi kabla hajapata jibu, tovuti hiyo imewatupa mkono. Dalili hizo zaweza kutangulia kifafa cha mimba, kinachohatarisha maisha ya mama na mtoto kwa pamoja.

Jibu lenyewe ni fupi: hiyo ni hatari, wasisubiri mapambazuko, waende kituo cha afya kilicho karibu, au wapige 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Maneno hayo hayajazi kioo cha simu. Yanastahili kukaa juu kabisa ya ukurasa.

Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia wajawazito ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili, kupitia namba 15001, kulingana na umri wa mimba. Mama alipata neno alilolihitaji kwa wakati wake.

Wapo wataalamu wanaohofu kwamba lugha nyepesi hupunguza usahihi. Hofu hiyo ina msingi mdogo. Usahihi hupotea pale msomaji anapoelewa kinyume, au asipoelewa kabisa. Maelezo ya kitaalamu yanaweza kufuata chini kwa anayeyahitaji.

Maswali ya kujibiwa hayatafutwi mbali. Muuguzi wa mapokezi huyasikia kila siku: kliniki ni siku gani, kitu gani kibebwe, huduma ipi hulipiwa. Na ashirikishwe katika uandishi. Kisha, kabla ukurasa haujachapishwa, wapewe watu watatu walio kwenye foleni ya kliniki, Matai au Kasanga, watafute jibu la swali moja huku mwandishi akinyamaza. Wakikwama, kosa ni la ukurasa, nao uandikwe upya.

Mgonjwa naye asione haya kuuliza jambo asiloliona. Swali lake ndilo linaloonyesha mahali ukurasa ulipopungukiwa.